Afya ya Kanisa Haipimwi kwa Mabati



Mtu akituuliza parokia yetu inaendeleaje, jibu huwa tayari midomoni: Misa tatu kila Dominika na watu wanasimama hadi nje, kwaya tano, kila moja na kitenge chake, kuta za kanisa jipya zimefika kwenye lenta, Pasaka iliyopita waliobatizwa walikuwa wengi kuliko wa mwaka uliotangulia. Hizo ni habari za furaha wala hatuzidharau. Lakini yule mtu hakuuliza ukubwa wa parokia. Aliuliza uzima wake. Mwili uliovimba nao ni mkubwa, na hakuna muuguzi anayeupongeza.

Tunaandika ili kubishana na mazoea hayo ya kuhesabu. Tunasema waziwazi, na atakayekasirika tutamsikiliza: Kanisa lenye afya ni lile linaloweza kusema hapana mbele ya mtu anayelipa, na ambalo watoto wake wanaweza kusema hapana kazini siku ya Jumatatu. Likishindwa hayo mawili, hata lijae kila Dominika, ni mgonjwa anayecheza ngoma.

Kipimo hiki hatukukibuni sisi. Katika sura ya 2 na ya 3 za kitabu cha Ufunuo, Yohane anaandikishwa barua saba kwa makanisa saba ya Asia: Efeso, Smirna, Pergamo, Tiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikea. Bwana anapita kati yao kama daktari apitaye kitanda hadi kitanda. Zisomeni barua zote saba mkitafuta idadi ya waamini au urefu wa jengo, hamtavikuta. Sardi ilikuwa na sifa ya kuwa hai, nayo ikaambiwa kwamba imekufa. Laodikea ilijiona tajiri isiyokosa kitu, ikaambiwa kwamba ni maskini, tena kipofu, tena uchi. (Mji ule ulijulikana kwa biashara ya fedha na ya sufu; bila shaka neno la uchi liliwachoma.) Katika saba hayo, ni mawili tu ambayo hayakulaumiwa kwa jambo lolote: Smirna lililokuwa fukara, na Filadelfia lililokuwa na nguvu kidogo. Tunawaomba makatekista wenzetu wasilipite somo hilo haraka.

Sasa tuingie kanisani kwetu. Mbele kabisa, karibu na altare, kuna viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe. Ni vya nani? Mheshimiwa akichelewa, maandamano ya kuingia yanamngojea mlangoni. Mama muuza ndizi akichelewa, msimamizi wa mapokezi anamwonyesha ukuta. Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya barua yake, alilieleza jambo hilo kwa usahihi hata mtu angedhani alipita parokiani kwetu: mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri, na mwenye nguo chafu anaambiwa asimame kando au akae chini. Yakobo hakuliita kosa la mapokezi. Aliliita dhambi.

Baada ya komunyo mheshimiwa anapewa mikro. Anatangaza simenti, anatangaza mabati, anataja jina lake mara nne na jina la Bwana mara moja. Vijana wanaombwa kupiga vigelegele. Hakuna anayethubutu kuuliza simenti hiyo imetoka mfukoni mwa nani, wala kwa nini daraja la kwenda hospitali, ambalo aliliahidi kwa mikro ileile, bado ni magogo mawili. Na ajabu moja hatujaona mwanateolojia akiieleza: uchaguzi ukikaribia, ukarimu huongezeka.

Lakini ugonjwa unaotuumiza zaidi hauko kwenye viti. Uko kwenye kadi.

Mnaijua kadi ya michango. Kila nyumba inayo: mstari wa zaka, mstari wa ujenzi, mstari wa sikukuu ya parokia, mstari wa kumpokea Askofu. Ilibuniwa kwa nia njema, ili mtu atoe kidogo kidogo na atoaye ajulikane kuwa ametoa. Sehemu nyingine kadi hiyo imeacha kuwa kumbukumbu, imekuwa hukumu. Tunajua nyumba moja. Baba aliugua miezi minane, na pesa yote ya nyumba ilikwenda kwenye dawa. Alipofariki, wajumbe wa shirika lao walikwenda kuomba Misa ya mazishi. Swali la kwanza waliloulizwa lilikuwa: kadi iko wapi? Mjane akaitoa ndani ya kitambaa alimokuwa akiihifadhi. Mistari ya miezi minane ilikuwa mitupu. Maiti ikiwa ndani ya nyumba, wanashirika wakaanza kupita mlango kwa mlango kutafuta franka za kujaza mistari ile. Jirani Mprotestanti alitoa. Jirani Mwislamu alitoa. Misa ilisomwa kesho yake, na kwaya iliimba vizuri sana. Mjane hakulalamika kwa yeyote. Tangu wakati ule hatumwoni tena. Anasali katika kanisa la uamsho lililo nyuma ya soko, na sisi katika mikutano yetu tunamwandika miongoni mwa kondoo waliopotea.

Nani alipotea hapo?

Wanaodai kwamba ndiyo sheria ya Kanisa hawajaifungua. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, katika kanuni ya 848, kinamkataza mhudumu kudai kwa ajili ya sakramenti zaidi ya kile kilichowekwa na mamlaka halali, na kinamwagiza aangalie kwamba wahitaji hawanyimwi msaada wa sakramenti kwa sababu ya ufukara wao. Kuhusu mazishi hasa, kanuni ya 1181 inasema kusiwe na upendeleo kwa watu, na maskini wasikose mazishi yanayowastahili. Basi anayeomba kadi penye msiba halindi sheria. Anaivunja mbele ya jeneza.

Tunajua tutakavyojibiwa. Padri atakula nini? Pikipiki yake inakwenda kwa maji? Wamisionari waliokuwa wakipokea fedha toka Ulaya wamepungua, na wakristu wa hapa ni lazima walitunze Kanisa lao wenyewe. Maswali hayo ni ya kweli, na anayeyacheka hajawahi kulala katika nyumba ya mapadri ya kijijini wakati wa mvua. Hatusemi watu wasitoe. Mtume Paulo alizunguka akikusanya mchango bila kuona haya, na aliandika sura mbili nzima kwa Wakorinto juu ya mchango huo. Ila tazameni mwelekeo wake: fedha zilitoka kwa makanisa zikaenda kwa maskini wa Yerusalemu. Mchango unaotoka kwa maskini ukaenda kwenye marumaru unahitaji maelezo mengine, si ya Paulo.

Wengine, waliosoma zaidi, watatuletea kanuni ya 1267: sadaka haiwezi kukataliwa isipokuwa kwa sababu ya haki. Tunaikubali, nasi tunawaomba waisome hadi mwisho. Sababu ya haki ipo. Zawadi inayoletwa ili kununua mikro ni sababu. Zawadi inayoletwa ili mahubiri ya Dominika ijayo yasiguse mishahara ya walimu isiyolipwa ni sababu kubwa zaidi.

Na wanaoogopa kwamba Kanisa letu litakufa likikosa mabati ya wakubwa, wakumbuke lilikopita katika nchi hii. Wazee wenu wanakumbuka. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya kikristu ya kigeni, na vikundi vya vijana vya makanisa vikavunjwa ili kijana asijue kambi nyingine ila JMPR. Kardinali Malula alilazimika kukaa Roma kwa miezi. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za taifa, na mwishoni mwa mwaka huohuo shule zikatwaliwa. Zilirudishwa chini ya uongozi wa makanisa kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977. Mngalikuwa na kikundi cha Kiro au cha Xaveri wakati ule, kisingekuwa na jina, wala bendera, wala filimbi.

Kwa hesabu za leo, miaka ile ilikuwa ya ugonjwa wa kufa. Lakini ni katika miaka hiyohiyo ambapo mashirika, jumuiya zetu za msingi, yalitia mizizi. Watu walisali majumbani, wakajuana kwa majina, wakapelekeana unga. Mwaka 1975 Kardinali Malula alianza kuwakabidhi walei uongozi wa parokia za Kinshasa, wale walioitwa bakambi, wanaume wenye ndoa na kazi zao. Na kazi ya kutafuta namna ya kuadhimisha Misa kwa roho yetu, iliyoendelea wakati ule mgumu, ilizaa ibada ambayo Roma iliikubali mwaka 1988. Kanisa lililonyang'anywa karibu kila kitu liligundua kwamba lina watu. Tunajiuliza kama leo, tukiwa tumejenga tena karibu kila kitu, bado tunalijua jambo hilo.

Rudini nyuma zaidi. Mwenye heri Isidori Bakanja alikuwa fundi mwashi kijana, aliyebatizwa mwaka 1906 kule Mbandaka. Alikwenda kufanya kazi kwa mzungu wa kampuni mahali ambapo hapakuwa na padri wala kanisa. Alikuwa na rozari, skapulari shingoni, na mazoea ya kuwafundisha wenzake kusali. Aliamriwa avue skapulari, akakataa. Alipigwa kwa mjeledi wenye misumari, akaoza mgongo kwa miezi, akafariki tarehe 15 Agosti 1909 akiwa amemsamehe aliyempiga. Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994. Pimeni parokia ya Bakanja kwa vipimo vyetu vya leo: viti hakuna, kwaya hakuna, sanduku la sadaka hakuna. Na bado, katika shamba lile zima, Kanisa lilikuwa mahali alipolala yule mgonjwa.

Sasa mnaelewa kwa nini suala la zawadi za wakubwa si la adabu tu. Kanisa lina kinywa kimoja. Kinywa kilekile kinachomshukuru mheshimiwa kwa mabati ndicho kinachotakiwa kumwambia kwamba damu ya watu inalia. Tarehe 16 Februari 1992 wakristu wa Kinshasa waliandamana wakidai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Waliongozwa na walei, wakabeba rozari na biblia, wakapigwa risasi. Tarehe 31 Desemba 2016 wanasiasa waliokuwa hawasalimiani waliweka sahihi mapatano mbele ya maaskofu wetu. Mapatano hayo yalipocheleweshwa, walei wakaitisha maandamano ya 31 Desemba 2017, ya 21 Januari na ya 25 Februari 2018. Katika yale ya Januari aliuawa Thérèse Kapangala, msichana aliyekuwa akijiandaa kuingia utawa, akiwa kwenye parokia yake ya Kintambo. Katika yale ya Februari aliuawa Rossy Mukendi Tshimanga. Watu waliwasikiliza maaskofu na walei wakati ule kwa kuwa waliamini kwamba hawajanunuliwa. Imani hiyo inajengwa katika parokia moja moja, Dominika kwa Dominika, na inaharibiwa hapohapo. Kila mheshimiwa anayepewa mikro kwa sababu ya simenti anapunguza kidogo sauti ya Baraza la Maaskofu wote.

Tumesema habari za wakubwa. Tuseme na zenu.

Tarehe 2 Februari 2023, katika Uwanja wa Mashujaa wa Kinshasa, Papa Fransisko alikutana na vijana pamoja na makatekista. Aliwafundisha kwa vidole vya mkono, kama afanyavyo mwalimu wa darasa la kwanza: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, huduma. Alipofika kwenye kidole cha kati, kile kirefu kuliko vyote, alikitumia kwa uaminifu, na hapo akamtaja kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui.

Huyo mnapaswa kumjua kama mnavyomjua Anuarite. Alizaliwa mwaka 1981. Alisoma sheria. Pamoja na marafiki wa jumuiya ya Sant'Egidio aliwatafuta watoto wa mitaani, akawatafutia shule. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Hatujui kazi nyingine katika nchi yetu ambapo ni rahisi zaidi kutajirika kwa kunyamaza. Ililetwa shehena ya mchele ulioharibika. Aliahidiwa pesa ili auache upite, akakataa. Alishinikizwa, akakataa. Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Tunaomba mtazame mahali alipofia imani. Hakuulizwa kama anamsadiki Mungu. Hakuna aliyemwambia aikane Imani yetu. Aliulizwa tu kama karatasi inaweza kupigwa muhuri. Hapo mezani, mbele ya muhuri, siku ya kazi, ndipo Kanisa la Goma lilipopimwa afya, na likaonekana zima. Yule kijana alijifunza wapi kukataa? Hakujifunzia ofisini. Alijifunza katika kikundi kama chenu, kikundi kidogo kilichosoma Injili na kisha kikatoka kwenda kwa watoto waliolala nje. Parokia inayozaa mtu mmoja wa namna hiyo imetimiza sababu ya kuwapo kwake kuliko ile inayojaza uwanja. Mchele ule ungeuzwa sokoni. Ungepikwa katika sufuria za watu wasiojua jina lake, Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Kanisa liko duniani kwa ajili ya watu hao wenye sufuria, si kwa ajili ya kujitunza lenyewe.

Sasa sisi tulio walimu tunajua bei ya swali la mtihani. Tunajua pia bahasha inayokusanywa darasani kabla ya Mtihani wa Serikali, na nani huikusanya. Mara nyingi ni kijana anayeaminika: kiongozi wa kwaya, mweka hazina wa kikundi. Jumamosi anaongoza rozari, Jumatatu anapokea mchango wa kununua wasimamizi. Msituambie kwamba kila mtu anafanya hivyo. Ofisi ya Floribert nayo ilikuwa na kila mtu.

Wala msikimbilie kuwacheka ndugu zetu wa makanisa ya uamsho, wanaoahidiwa viza, mume na gari kwa kupanda mbegu ya dola. Ahadi hizo tunazikataa, kwa kuwa msalaba haumo ndani yake. Ila tunaona kwamba mbegu imeanza kuota kwetu pia: bahasha zenye majina kusomwa kwa sauti kuanzia kubwa, mnada wa mavuno ambapo kuku mmoja anauzwa mara sita ili matajiri waonyeshane nguvu, na baraka ya pekee kwa waliofikisha kiwango fulani. Yule mjane wa Injili na vipande vyake viwili angesomwa mwisho, au asingesomwa kabisa.

Basi, vikundi vya vijana vina haki ya kuzungumza, kwa heshima, kama mtoto anavyozungumza na baba yake: kwa kupiga magoti lakini bila kumeza maneno. Andikieni baraza la parokia. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na baraza la mambo ya uchumi. Ulizeni wajumbe wake ni nani na lilikutana lini. Kanuni ya 1287 inataka waamini wapewe hesabu ya mali waliyoitoa. Ombeni hesabu hiyo isomwe Dominika moja ya Majilio, kwa mikro ileile aliyopewa mheshimiwa. Yule mheshimiwa mwenyewe akija, apokewe vizuri, apewe kitabu cha nyimbo, akae pale atakapopata nafasi. Akitaka kutoa, sanduku la sadaka linampokea kama linavyompokea mama muuza ndizi. Na nyumba yenye msiba isiulizwe kadi. Baraza likikataa lolote katika hayo, liandike sababu zake, na sababu hizo zisomwe kanisani Dominika hiyohiyo, baada ya hesabu.